Kula, kuona na kusoma Magharibi: mwongozo wa siku tano kuanzia Kisumu

Wageni wangu kutoka Mombasa na Nairobi huuliza swali moja kabla hata hawajavua viatu mlangoni: "Tuanzie wapi?" Zamani nilikuwa nawatajia mahali. Siku hizi, mtu akinipigia simu kwamba anakuja, namuuliza kwanza mwezi umefika wapi, mvua imeanza au bado, na atashuka siku gani ya juma. Nchi hii ya Ziwa Victoria na vilima vya magharibi mwa Kenya ina kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo huamua utakula nini na utamkuta fundi yupi akiwa kazini. Ukiifuata, siku tano zinakutosha kushiba, kuona kazi za mikono na kusoma mambo yaliyoandikwa na watu wa hapa hapa. Ukiipuuza utazunguka juma zima ukila chipsi.

Nitaeleza ninavyowapangia ndugu zangu wenyewe.

Kuchagua tarehe

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari jua linawaka kwelikweli. Kisumu iko kusini kidogo tu ya Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, na kufikia saa saba mchana lami inatoa mvuke. Kwangu mimi huo ndio msimu ninaoupenda, kwa sababu jua ndilo mpishi wa kwanza wa ziwa hili. Omena, yaani wale dagaa wa ziwani, huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandikwa chini. Jua kali hutoa omena mkavu, mweupe wa fedha, anayenukia vizuri. Mvua ikiwanyeshea wakiwa bado wamelowa huharibika, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku.

Omena pia wana mambo mawili ya kukumbuka. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti sawasawa. Panga safari yako mwezi ukiwa mchanga au usiku ukiwa wa giza. Jambo la pili ni kwamba kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Utakaowakuta sokoni miezi hiyo ni wa akiba au wametoka kwingine.

Wapenzi wa kumbikumbi wao waje mvua inapoanza. Waluo huwaita ng'wen, Waluhya chiswa, na wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, hakuna karanga inayowafikia.

Siku ya kufika iwe Ijumaa. Sababu utaiona mbele.

Vitabu viingie mkobani kabla ya nguo

Hili naliwekea mkazo kuliko yote. Mtu aliyesoma kabla ya kuja huona mara mbili ya anachoona mwenzake.

Kama una nafasi ya kitabu kimoja tu, beba The River and the Source cha Margaret Ogola, kilichotoka 1994. Wengi mlikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, mkakiacha hapo. Kirudieni mkiwa watu wazima. Kinaanza na Akoko, binti wa eneo la Yimbo aliyeolewa eneo la Sakwa, kikafuata uzao wake vizazi vinne hadi mjini. Ukikisoma ndipo unaelewa boma la Kiluo lilivyopangwa, kwa nini mke wa kwanza ana heshima ile, na mjane alibeba mzigo gani.

Cha pili ni Land Without Thunder, mkusanyiko wa hadithi za Grace Ogot wa 1968. Ogot alizaliwa 1930, alikuwa mtu wa Asembo, na humo mna hadithi iitwayo The Rain Came kuhusu Oganda, binti wa mtemi anayetolewa sadaka kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Ihifadhi, nitakuambia uisome wapi. Anayesoma Dholuo asirudi nyumbani bila Miaha, ambacho Ogot alikiandika kwa lugha ya mama mwaka wa 1983.

Kwa Kiswahili tunaye Ken Walibora. Siku Njema, riwaya yake ya 1996, inamtoa kijana Kongowea Mswahili kule Tanga na kumleta hadi upande wa Kitale akimtafuta babake. Naipenda kwa wageni wa Pwani hasa, maana inasafiri kama wao: kutoka kwenye minazi hadi kwenye mahindi.

Na ukielekea Kakamega utapita Vihiga, nyumbani kwa Francis Imbuga. Tamthilia yake Betrayal in the City ilikuwa mojawapo ya kazi zilizoiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka wa 1977. Ni nyembamba, unaimaliza kwenye matatu.

Ukivikosa kwenu, maduka ya vitabu ya Kisumu huuza vile vinavyotahiniwa, na wauza vitabu vya mitumba barabarani hukupa vile vilivyoacha kuchapishwa. Tawi la maktaba ya taifa lipo Kisumu, Kakamega na Kisii pia. Na ujue kwamba mji huu umewahi kuwa na mchapishaji wake mwenyewe: Asenath Bole Odaga, mwandishi wa Dholuo na Kiingereza, alianzisha Lake Publishers hapa Kisumu. Alifariki 2014. Ukikuta kitabu chake kwenye meza ya mitumba, usibishane bei sana.

Afya, kwa ufupi: hii ni nchi ya malaria, basi lala ndani ya neti na umwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla hujaondoka. Usitembeze miguu kwenye maji ya ukingoni mwa ziwa, kuna kichocho. Beba kofia, na mwavuli wa saa kumi jioni.

Ijumaa: jumba la makumbusho, kisha samaki

Ukifika asubuhi, anza na Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, barabara ya kwenda Nairobi. Watu hukimbilia nyoka na mamba. Wewe nenda moja kwa moja kwenye Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Simama langoni utazame ndani. Nyumba iliyo mbele yako, inayolikabili lango, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Ya nyachira, mke wa pili, iko ubavuni mwake. Karibu na lango ni simba, nyumba ya kijana wa kiume. Kaa hapo hata nusu saa. Akoko wa kitabuni ataanza kutembea mbele ya macho yako, na Jumapili nitakupeleka kwenye jiwe ambalo jina lake litakuwa limekwisha kueleweka.

Chakula cha mchana ni samaki, na hapa naomba utulie nami.

Ukiketi kwenye hoteli ya samaki, usiagize kwanza. Inuka uende alipo mpishi uchague mwenyewe, hakuna atakayekushangaa. Uliza swali hili: "Ni wa ziwa, wa kizimba, au wa barafu?" Wa ziwa amevuliwa majini akiwa huru. Wa kizimba amefugwa kwenye vizimba vinavyoelea humo humo ziwani, na si mbaya hata kidogo. Wa barafu mara nyingi ametoka China. Bei zao zisifanane. Kisha mtazame: jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jicho likiwa limezama kama la mgonjwa, hamia jirani.

Ngege, yaani sato au tilapia, ndiye samaki wa mgeni. Huchanjwa ubavuni, hukaangwa mzima hadi ngozi ikakamae, kisha anayetaka mchuzi hurudishiwa kwenye kitunguu na nyanya. Mimi husema hivi kwa mpishi: "Mkaange kwanza, halafu umchemshe na nyanya nyingi, usitie viungo vya paketi." Mbuta, yaani sangara, yule mkubwa aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, ana minofu minene isiyo na miiba midogo, kwa hiyo mpe mtoto. Minofu ya mbuta husafirishwa nje na viwanda, na kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo, hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Ni chakula cha watu wa kipato kidogo, na kina utamu ambao minofu yenyewe haina. Ukile hata kama mkoba wako unaruhusu zaidi.

Agiza ugali wa mtama na muhogo badala ya sembe nyeupe. Rangi yake ni ya udongo, unavutika kidogo, una uchachu wa mbali. Pembeni weka osuga, yaani mnavu, au dek, yaani mgagani, ambayo Waluhya huita tsisaga na Wakisii chinsaga. Mboga hizi zina uchungu. Wapishi wazuri huzichemsha, huzitia maziwa, huziacha zilale, huzipasha tena kesho yake, na uchungu hugeuka kuwa ladha. Ndiyo maana mboga ya jana hapa ni sifa. Ukila mara ya kwanza ukakunja uso, kula tonge la tatu kabla hujaamua.

Mikono huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yanayomiminwa kutoka kwenye birika. Uma hautakusaidia na ngege. Vidole ndivyo vinavyouona mwiba.

Jumamosi: Kakamega kupitia Ilesi

Toka Kisumu alfajiri. Barabara inapanda Mamboleo hadi Kiboswa, ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote limelala chini yako. Mbele ni Vihiga, mashamba madogo madogo, chai na migomba na mawe makubwa yamekaa katikati ya mahindi. Salamu inabadilika. Kisumu ulisema "oyawore" asubuhi. Hapa ni "mulembe", na jibu lake ni "mulembe".

Jumamosi asubuhi na mapema ndipo mara nyingi fahali hupiganishwa upande wa Shinyalu na Khayega. Uliza kwa wahudumu wa boda boda Ijumaa jioni, wao wanajua ni wapi. Kinachonipeleka mimi ni ngoma. Fahali huletwa kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala na njuga za chuma, na kundi zima likikimbia na kuimba. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ukisimama pale ukatetemeshwa kifua na ngoma ile kubwa, utaona uchungu kwamba kitu chenye nguvu kiasi hicho kinaweza kupotea. Simama kwenye mwinuko, mbali na njia ya kutokea. Fahali aliyeshindwa hukimbia popote penye uwazi. Asiyependa kuona wanyama wakipigana aende Msitu wa Kakamega, kipande kilichosalia cha msitu mkubwa wa mvua uliotokea Kongo. Humo asubuhi ndege husikika kabla hawajaonekana.

Kabla ya kufika mjini, shuka Ilesi. Kando ya barabara vyungu vimepangwa, na hatua chache kutoka hapo kuna lile Jiwe Linalolia, mwamba mrefu wenye jiwe jingine kichwani na maji yakitiririka kama machozi. Litazame, kisha urudi kwenye vyungu, maana ndivyo vitakavyokwenda nawe nyumbani. Mwulize mfinyanzi kama chungu ni cha kupikia au cha maua. Vilivyopakwa rangi ni vya maua. Kigonge kwa kifundo cha kidole. Sauti ikilia wazi, kizima. Ikiwa nzito na fupi, kuna ufa hata kama huuoni. Pitisha kiganja ndani, ukipima unene wa kitako na kuta uwe unakaribiana. Nilipoteza chungu changu cha kwanza kwa kukiweka juu ya moto mkali wa gesi siku ile ile nilipokinunua. Kiloweke usiku kucha, kikauke kivulini, kisha kipike uji mwembamba kwa moto mdogo mara moja au mbili ili vitundu vyake vizibe. Ndipo utie mboga.

Kuhusu chakula: kuku. Kwa Waluhya kuku, ingokho, ni hadithi nzima. Kinachokupasa ni kupiga simu hotelini asubuhi, kwa sababu kuku wa kienyeji haivi kwa saa moja. Baada ya kunyonyolewa hubabuliwa kwenye miali ya moto, na harufu ile ya moshi hubaki kwenye ngozi hadi mezani. Kisha huchemshwa polepole kwa maji na chumvi, na mchuzi huwa mwembamba wenye mafuta ya manjano. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, usiichukue firigisi hata ikiwa mbele yako. Imondo ni ya baba mwenye nyumba, na ni yeye pekee awezaye kukupa.

Mboga iwe mrenda. Inavutika kama bamia, wengine huiogopa. Siri ni kwamba haipikwi peke yake: huchanganywa na likhubi, majani ya kunde, na hutiwa musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya makapi ya maharagwe, ambayo hulainisha majani na kuipa mboga rangi na ladha yake. Chota mrenda kwa tonge la obusuma, yaani ugali, kwa kuzungusha kidole gumba, usivute juu. Mwombe jirani wa meza akuonyeshe, utapata rafiki.

Jumapili: Kibuye, jiwe, na maji

Soko la Kibuye, Kisumu, hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili ndipo hufurika hadi barabarani. Ingia saa mbili asubuhi kabla ya jua kukolea. Nunua omena kwa mpangilio huu: chukua konzi, nusa, vunja mmoja. Avunjike kwa mlio, asipinde. Tumbo lisiwe jeusi, na kiganja kisibaki na mchanga. Nyumbani waoshe kwa maji ya moto mara tatu nne, wakaange wakauke, kisha kitunguu, nyanya nyingi na maziwa kidogo mwishoni. Mtu wa Pwani anaweza kutumia tui. Nimejaribu, na halikuniudhi. Kwa wanaopenda samaki mkavu mkubwa, uliza obambla, ngege aliyepasuliwa mgongoni akaanikwa.

Hapo hapo Kibuye utapata vikapu na mikeka ya makangaga. Kuna pia kazi za magugu maji, lile gugu lililoziba ziwa letu na ambalo mafundi wa Kisumu wamejifunza kulikausha, kulisuka na kulifanya viti na mikoba. Likunje kidogo kabla ya kulipa. Lililokauka vizuri halitoi unga.

Mchana panda gari la Bondo ushuke Kit Mikayi, katika Seme. Ni rundo la mawe makubwa mno yaliyopandana, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huja kusali na kufunga ndani ya mapango yake, basi ongea kwa sauti ya chini, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu yeyote. Waongoza wageni watakusimulia kisa cha jina. Sikiliza chote hata kama umekisikia, kila mmoja ana namna yake.

Rudi upesi ufike Dunga saa kumi na moja jioni. Ufuo wa Dunga uko pembeni kabisa mwa mji, una kinamasi cha mafunjo chenye ndege wasiopatikana kwingi, na mashua za kukupeleka kuangalia viboko kwa mbali. Usipande mashua isiyo na jaketi la kuokolea. Halafu agiza chai, keti ukilitazama ziwa likigeuka shaba, na sasa ndipo usome The Rain Came. Isome kwa sauti kama mko wawili. Kurasa zake ni chache, utaimaliza kabla giza halijaingia, na taa za wavuvi wa omena zikianza kuwaka mbali majini, hutahitaji mtu akueleze kwa nini wazee waliliogopa na kulipenda ziwa hili kwa wakati mmoja.

Kama kuna mpiga nyatiti usiku huo, nenda. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ubao wa ala, njuga miguuni: mtu mmoja anakuwa bendi nzima.

Jumatatu: Kisii na mawe ya Tabaka

Hii ndiyo siku ndefu. Gari linapita Ahero kwenye mashamba ya mpunga, Sondu, Oyugis, kisha linapanda Kisii ambako hewa ni baridi na migomba imesongamana. Usile kiamsha kinywa Kisumu. Ukile Kisii: ugali wa wimbi na chinsaga, na ndizi za kupika.

Kutoka mjini Kisii panda gari la Tabaka. Usinunue chochote cha jiwe kando ya njia kabla ya kufika. Tabaka jiwe la sabuni huchimbwa, hukatwa na kuchongwa mahali pamoja, na unaweza kuufuata mkondo wote kwa miguu: wachimbaji shimoni, kisha wachongaji, wengi wao wanaume, wakitumia panga, patasi na visu kwenye jiwe lililolowa, kisha wanawake wakiwa na beseni la maji, wanasugua kwa msasa mkali, wa kati na laini, mwishowe rangi kwa vinavyopakwa, na nta. Jiwe lenyewe lina rangi zake, nyeupe, malai, waridi, kijivu, na mimi huchagua lisilopakwa kitu, mishipa yake ikionekana.

Hapa ndipo kwao Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Nawatajia wageni jina hilo ili wasiwatazame wachongaji wale kama watengeneza vibweta vya sabuni tu. Omba kuona alichochonga mtu kwa raha yake, kisicho oda. Mara nyingi kiko nyuma ya mlango kimefunikwa na gunia, na ndicho kizuri kuliko vyote. Mpe mchongaji bei yake. Bei unayobishana nayo imegawanywa tayari kati ya mchimbaji, yeye, na mama mwenye msasa.

Kagua chini ya kitako kama pamezibwa kwa unga wa jiwe na gundi. Palipozibwa huwa na doa lisilo na mshipa. Bakuli lishike kwa mkono mmoja juu, uligonge, usikie kama chungu cha Ilesi.

Jumanne: kufungasha

Jiwe huvunjika likianguka, kwa hiyo kila kipande kifungwe kwenye nguo yake, kikae katikati ya mkoba, kisiguse kingine. Chungu kijaze nguo ndani, kifunge kanga nje, ukipakate. Usikubali kiende kwenye buti ya basi. Omena waende kwenye gunia la karatasi ndani ya ndoo yenye kifuniko, la sivyo abiria wenzako watakusema hadi Naivasha. Samaki wa kukaanga asafiri siku hiyo hiyo tu, akiwa amepoa kabisa kabla ya kufungwa. Na vitabu uviweke juu, ufikapo Mau Summit uwe umebakiza sura moja ya kumalizia.